Debe, Ratili na Lita: Historia ya Vipimo katika Meru na Embu

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hufundishwa katika kila shule kuwa ni funzo la subira na akiba, na hapana mtu awezaye kuikana. Lakini mwanafunzi mdadisi aweza kuuliza swali ambalo methali yenyewe hailijibu: kibaba hicho ni kiasi gani? Je, kikijazwa mtama, kisha kikajazwa asali, kisha kikajazwa mafuta, uzito wake utakuwa mmoja? Na ni nani waliokubaliana kwamba hicho ndicho kibaba, wala si kingine? Maswali haya yaonekana madogo, kama kwamba ni mambo ya sokoni yasiyostahili kuandikwa katika historia. Sivyo. Jasho la mkulima hupita katika kipimo kabla halijawa fedha, na mtu asiyeelewa kipimo huenda akatoa mengi na kupokea machache, kisha akaenda zake akishukuru.

Nchi tutakayoitazama ni ile iliyozunguka ubavu wa mashariki na wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya. Kaskazini ni Igembe na Tigania; kisha Imenti, Mwimbi, Muthambi na Chuka; kusini ni Embu; na chini, kuelekea Mto Tana, ni nchi za joto za Tharaka na Mbeere. Katika karne ya ishirini nchi hizi zilijulikana zaidi kwa majina ya wilaya za Meru na Embu, na tangu mwaka 2013 zina serikali za kaunti tatu: Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Mlimani kuna baridi na mvua, na huko hustawi kahawa, chai, ndizi, maharagwe na viazi. Bondeni kuna jua kali, na huko ni makao ya mtama, mawele, mbuzi na mizinga ya nyuki. Watu wa mlimani na watu wa bondeni wamefanya biashara tangu zamani, maana kila upande ulikuwa na kitu ambacho upande wa pili ulikihitaji. Na palipo na biashara hapakosi kipimo.

Kabla ya kuja kwa mizani, vipimo vya watu hawa vilikuwa vyombo vyao vya kila siku. Nafaka ilipimwa kwa kikapu, kuni kwa mzigo, asali na mafuta kwa kibuyu. Mafuta yaliyotumika sana yalikuwa ya mbarika, ambayo watu walijipaka mwilini na kulainishia ngozi. Asali nayo haikuwa kitu cha kula tu. Ni miongoni mwa vitu vitolewavyo katika mahari ya Kimeru, pamoja na mifugo. Basi chombo cha asali kilipoletwa mbele ya wazee, hakikuwa bidhaa tu bali kilikuwa sehemu ya agano baina ya koo mbili. Hapakuwa na haja ya kukitia katika mizani, kwa sababu pande zote mbili zilikijua, na mtu aliyeleta kibuyu kilichopungua alijiaibisha mbele ya watu ambao angeishi nao maisha yake yote. Aibu ndiyo iliyolinda kipimo. Ulinzi huo ulitosha maadamu mwenye kuuza na mwenye kununua walijuana.

Pwani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Katika miji ya bandari watu wa mataifa mengi walikutana pasipo kujuana, kwa hiyo vipimo vilikuwa na majina na hesabu maalumu. Nafaka ilipimwa kwa ujazo: vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili, yaani vibaba vinne, ni pishi moja. Vitu vya thamani vilipimwa kwa uzito: wakia kumi na sita ni ratili, na juu yake iko frasila, iliyohesabiwa kuwa ratili 35 za Kiingereza, yaani karibu kilo 16. Pembe za ndovu na karafuu ziliuzwa kwa frasila. Tena watu wa Pwani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichorundikwa mpaka kikafanya kilele. Majina haya mawili yatufunza kwamba watu wa kale walikwisha kuona udhaifu wa kipimo cha ujazo: chombo ni kimoja, lakini mkono wa mpimaji waweza kukiongeza au kukipunguza.

Vipimo vya Pwani vilipanda bara pamoja na misafara. Mmarekani William Astor Chanler aliposafiri katika nchi za Tharaka na Igembe katika miaka ya 1892 na 1893, alikuwa na wapagazi kutoka Zanzibar, na katika misafara ya siku zile desturi ilikuwa kumpa mpagazi kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Posho hiyo ilikuwa uhai wake. Kibaba cha mfuto badala ya cha tele, kikirudiwa siku baada ya siku njiani, kilikuwa tofauti baina ya mtu aliyefika na mtu aliyeanguka. Masimulizi ya Wameru wenyewe husema kwamba mababu zao walitoka mahali paitwapo Mbwaa, karibu na bahari. Na wenye kuchunguza historia wamepatafuta mahali hapo katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Kwa hiyo njia baina ya mlima na bahari haikuwa ngeni kabisa.

Waingereza waliweka boma lao Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908. Pamoja na kodi na sheria, walileta vipimo vyao: ratili ya Kiingereza kwa uzito, na galani kwa vitu vya majimaji. Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana katika galani hiyo imo siri ya insha hii. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliamua kwamba galani moja ni nafasi itakayojazwa na ratili kumi za maji safi. Tazama basi: kipimo cha ujazo kilipatikana kwa kutumia mizani, na daraja iliyounganisha ujazo na uzito ilikuwa ni maji. Wafaransa walikuwa wamefanya jambo la namna iyo hiyo kabla yao, katika miaka ya 1790, walipoamua kwamba kilo moja ni uzito wa lita moja ya maji. Mataifa hayo mawili, yaliyopigana vita vingi, yaliafikiana katika jambo hili moja, kwamba maji ndiyo yatakayokuwa shahidi.

Lakini chombo kilichoenea Meru na Embu hakikuwa galani yenyewe. Kilikuwa ni debe. Jina lake lilitoka katika lugha za Uhindi, na chombo chenyewe kilitoka katika biashara ya mafuta ya taa, ambayo yaliletwa katika makopo ya bati ya pembe nne. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Watu walichotea maji, walipikia, walihifadhia nafaka, walilikunjua wakaezekea paa, na zaidi ya yote walilifanya kipimo. Debe lilihesabiwa kuwa galani nne, yaani lita 18 na kidogo. Maduka yalipofunguliwa Embu, Meru na Chuka, na reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, debe lilikuwa limekwisha kuwa ulimi wa soko. Mahindi kwa debe, maharagwe kwa debe, mafuta kwa debe, asali kwa debe. Hata katika mashamba ya kahawa, ambayo Waafrika wa Meru na Embu walianza kuruhusiwa kuyapanda katika miaka ya 1930, wachumaji walizoea kulipwa kwa hesabu ya madebe.

Sasa tufanye hesabu. Galani ya maji ina uzito wa ratili kumi, basi debe la maji lina ratili 40. Watu wengi waliosikia hesabu hii waliichukua kuwa ni ya kila kitu kimiminikacho, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji. Ndiyo sababu huelea juu ya mchuzi. Mahali pajazwapo na sehemu 100 za maji kwa uzito, mafuta ya kupikia yatakuwa na sehemu 92 hivi. Debe la mafuta, basi, lina karibu ratili 36.8, wala si 40. Mafuta ya mbarika ni mazito zaidi kidogo, karibu sehemu 96 katika 100, na debe lake lina ratili 38 na ziada. Asali ni nzito kuliko yote: mahali pa sehemu 100 za maji huingia sehemu 140 hivi za asali, na debe la asali lina ratili 56. Bati ni lile lile, ukingo ni ule ule, lakini baina ya mafuta na asali kuna tofauti ya ratili 19.

Tuseme mtu wa Tharaka ameteremsha mizinga yake, akakamua asali, akaibeba kupanda mlima mpaka sokoni. Mnunuzi amwambia, "Debe ni ratili arobaini, nami nitakulipa kwa ratili." Maneno haya yana sura ya haki, kwa kuwa yametaja ratili na yametaja hesabu. Lakini mwenye asali ametoa ratili 56 akalipwa 40. Kila debe limempotezea ratili 16. Katika madebe kumi amepoteza ratili 160, ambazo ni zaidi ya kilo 72. Hakuibiwa usiku, wala hakupigwa njiani. Aliibiwa mchana, mbele ya watu, kwa hesabu iliyo sahihi juu ya maji na ya uongo juu ya asali. Na akienda na fedha zile zile kununua debe la mafuta kwa hesabu hiyo hiyo ya ratili 40, atapokea ratili 36.8, na atakuwa amepunjwa ratili tatu na zaidi katika safari ya kurudi. Kosa moja lamla akiuza, na lamla akinunua.

Yafaa tuongeze kwamba si kila mara kosa hili lilikuwa la hila. Mfanyabiashara mwenyewe aweza kuponzwa nalo. Aliyezoea hesabu za Pwani aliona kwamba debe la mafuta linakaribia sana frasila moja, kwa kuwa frasila ni ratili 35 na debe ni ratili 36.8. Mtu wa namna hii akisema "debe ni frasila", yu karibu na ukweli, lakini katika kila debe atatoa ratili moja na robo tatu bure. Kadhalika chupa. Chupa kubwa za vinywaji zilizotumika kupimia mafuta, asali na maziwa zilihesabiwa sita kwa galani, yaani 24 kwa debe. Chupa hiyo ikijaa mafuta ina karibu ratili moja na nusu. Ikijaa asali, ina zaidi ya ratili mbili na robo. Mwenye duka aliyeyajua haya alipata faida yake kwa haki, na asiyeyajua alifilisika asijue kwa nini.

Serikali ya kikoloni haikuwa haijui kwamba masoko yalikuwa na kasoro. Mwaka 1935 ilitungwa sheria ya kusimamia uuzaji wa mazao ya Waafrika, iliyotaka mazao fulani yauzwe katika masoko yaliyotengwa, mbele ya wanunuzi wenye leseni. Watetezi wake walisema kwamba itaondoa udanganyifu na kuleta mazao bora. Wapinzani wake walijibu kwamba wanunuzi wenye leseni walikuwa wachache, na mkulima asiye na mnunuzi wa pili hana nguvu ya kukataa bei ya wa kwanza. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mizani ni bora kuliko debe, lakini mizani iliyo mkononi mwa upande mmoja tu, na isomwayo na upande mmoja tu, haitoshi kuleta haki. Ilimpasa mkulima naye ajue kusoma alama zake. Kwa hiyo hesabu iliyofundishwa katika shule za vijijini haikuwa mchezo wa ubaoni. Mtoto aliyejua ratili na wakia alikuwa macho ya mzazi wake siku ya soko.

Kenya ilipata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na katika miaka iliyofuata iliacha hatua kwa hatua galani na ratili, ikashika lita na kilo. Gunia la mahindi la ratili 200, ambalo ni kilo 90.7, likawa gunia la kilo 90. Mabadiliko haya yalirahisisha hesabu yetu. Kwa kuwa lita ya maji ni kilo moja, lita ya mafuta ya kupikia ni kilo 0.92 hivi, yaani gramu 920. Kanuni ni mbili tu. Ukiwa na lita na ukitaka kilo, zidisha kwa 0.92. Ukiwa na kilo na ukitaka lita, gawanya kwa 0.92. Mtungi wa lita 20 una karibu kilo 18.4 za mafuta. Mkebe wa kilo 5 una karibu lita 5.4. Kenya hununua sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula kutoka ng'ambo, hasa mafuta ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, nayo huuzwa huko kwa tani. Lakini mama wa Chogoria au Runyenjes huyanunua dukani kwa lita, au kwa kipimo kidogo cha kutosha mlo mmoja. Baina ya tani na kipimo hicho kidogo, mahali fulani, mtu amezidisha na mtu amegawanya. Tani moja hutoa karibu lita 1,090, wala si 1,000. Na afanyaye hesabu vibaya ataziacha lita 90 zipite mbele ya macho yake.

Liko jambo jingine ambalo mizani hulijua na lita hailijui, nalo ni joto. Mafuta yakipata joto hutanuka. Kutoka baridi ya asubuhi ya mlimani, nyuzi 20, mpaka jua la Tharaka la nyuzi 35, ujazo wake huongezeka kwa karibu sehemu moja katika mia. Debe lililojaa pomoni asubuhi laweza kufurika mchana, ingawa hakuna aliyeongeza tone. Uzito haukubadilika. Mafuta ya nazi nayo ni maji maji Mombasa, lakini yakipandishwa Embu wakati wa baridi huganda, kwa kuwa hushikana chini ya nyuzi 24 hivi. Kitu kilichoganda hakimiminwi katika kibaba kikajaa sawasawa. Chafaa kukatwa na kutiwa katika mizani. Ndiyo sababu mpaka leo mafuta mazito ya mkebe huandikwa kilo, na mafuta mepesi ya chupa huandikwa lita. Tofauti hiyo haikuletwa na desturi tupu. Ina asili katika vitu vyenyewe.

Na mkebe huo wa mafuta una kisa chake. Kama vile debe la mafuta ya taa lilivyogeuka kuwa kipimo cha nafaka, ndivyo mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ulivyogeuka kuwa gorogoro, ambayo kwayo mahindi na maharagwe hupimwa katika masoko ya Kenya. Wengi huiita "kilo mbili", kwa kuwa ndivyo ulivyoandikwa ubavuni. Lakini maandishi yale yalihusu mafuta yaliyokuwamo. Punje za mahindi zina hewa katikati yake. Mahindi yakijazwa kwa mfuto katika nafasi ya kilo mbili za mafuta, hayafiki kilo mbili. Basi muuzaji hurundika juu, na mnunuzi hutazama kilele. Tumerudi palepale walipokuwa watu wa Pwani: mfuto na tele.

Kilele hicho kimeleta ugomvi mkubwa zaidi katika viazi. Mashamba ya viazi ya Meru, kama yale ya Timau na Kibirichia, yamejua kwa miaka mingi gunia liitwalo lumbesa, ambalo hushonewa wavu juu na kurundikwa mpaka likazidi kabisa gunia la kawaida. Mkulima hulipwa kwa gunia moja, lakini uzito aliotoa si wa gunia moja. Mwaka 2019 zilitolewa kanuni za zao la viazi zinazotaka gunia lisizidi kilo 50. Kanuni ni jambo jema, ila haijazi tumbo mpaka itekelezwe, na kuitekeleza kwahitaji mizani shambani na mkulima asiyekubali kuuza kwa macho.

Mwanafunzi apendaye kuyahakikisha haya na ayajaribu mwenyewe. Atwae chupa kavu aipime ikiwa tupu. Tuseme ni gramu 300. Aijaze maji mpaka alama aliyoiweka, aipime tena. Tuseme ni gramu 1,300. Maji basi ni gramu 1,000. Aimwage, aikaushe, aijaze mafuta mpaka alama ile ile. Tuseme sasa ni gramu 1,220. Akiondoa uzito wa chupa, mafuta ni gramu 920. Agawanye 920 kwa 1,000, naye ataipata 0.92 kwa mkono wake. Asisahau kuondoa uzito wa chombo. Debe tupu haliachi kutika, wasema wahenga. Nasi twaweza kuongeza kwamba debe tupu haliachi kuwa na uzito, na anayelipia mafuta pamoja na bati hulipia kitu asichoweza kupikia.

Tangu kibuyu cha asali mbele ya wazee mpaka lita katika duka, watu wa Meru na Embu wamebadili vipimo mara nyingi, na kila badiliko lilikuwa na walionufaika na waliopunjika. Zamani aibu ililinda kipimo, kwa kuwa watu walijuana. Leo twauziana na watu tusiowajua, na mafuta yetu hutoka nchi tusizoziona. Aibu peke yake haitoshi tena. Yahitajiwa sheria, mizani na elimu. Sheria na mizani vyaweza kuletwa na serikali. Elimu ni lazima mtu aende nayo sokoni mwenyewe.